Ulinzi wa Majina ya Mtandao katika Makampuni Makubwa

Utangulizi

Kila siku watu hutumia simu na kompyuta kutafuta habari, kulipa ankara na kutuma fedha. Wachache miongoni mwao hutambua kwamba kabla ya habari yoyote kufika, chombo alichonacho mtu hutanguliza swali moja dogo: "Mwenye jina hili anakaa wapi?" Swali hilo hujibiwa na Mfumo wa Majina ya Vikoa, ambao duniani kote hujulikana kwa herufi tatu, DNS. Jibu likiwa la uongo, yote yanayofuata huharibika, hata kama simu ni mpya na nywila ni ngumu.

Makampuni makubwa, yaani mabenki, mashirika ya simu, viwanda na makampuni ya nishati, siku hizi huweka vyombo maalumu vya kulinda maswali hayo na majibu yake. Katika makala haya tutaeleza mfumo wa majina unavyofanya kazi, hatari tatu zinazoukabili, na dawa inayoifaa kila hatari. Tutaonyesha pia kwamba matukio mawili mashuhuri yaliyozipata nchi za kanda yetu yalitokana na hatari ambayo vyombo vya gharama kubwa haviigusi kabisa.

1. Jina na anwani

Mtu aliyeko Mwanza akitaka kumpelekea barua jamaa yake aliyeko Miteja, haandiki neno "Miteja" peke yake. Huandika pia kata, Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Karani wa posta wa Mwanza hana haja ya kujua Miteja iko wapi. Inamtosha kujua barua za Lindi zielekezwe wapi. Karani wa Lindi anaijua Kilwa, wa Kilwa anaijua Miteja, na wenyeji wa Miteja wanaijua nyumba ya mtu anayetafutwa. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua anwani zote za nchi, lakini barua hufika.

Majina ya intaneti yamepangwa kwa utaratibu wa namna hiyo. Kompyuta hutambuana kwa namba, nasi wanadamu tunakumbuka majina. Hapo awali, mtandao ulipokuwa na kompyuta chache, majina yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa huko California, Marekani, na kila mwenye kompyuta alichukua nakala yake. Orodha ilipozidi kurefuka, utaratibu huo ulishindikana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kugawana kazi ya kutunza majina, na kanuni zake zilizorekebishwa mwaka 1987 ndizo msingi wa mfumo tunaoutumia hadi leo.

Tuchukue jina la kubuni, mauzo.kampuniyetu.co.tz. Jina hili husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama anwani ya barua inavyosomwa kuanzia mkoa kushuka hadi nyumba. Mtu aliyeko Miteja akiliandika katika simu yake, mambo hufuatana hivi:

(a) Simu huiuliza seva ya kuulizia, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni ya simu au ya ofisi anayofanyia kazi.

(b) Seva hiyo, kama haijui jibu, huziuliza seva za mzizi. Hizi zina majina 13, kuanzia A hadi M, na nakala zake zimetawanywa sehemu nyingi za dunia, Afrika ya Mashariki ikiwemo. Seva za mzizi hujibu: "Sijui, lakini waulize wenye .tz."

(c) Seva za .tz hujibu: "Sijui, lakini kampuniyetu ina seva zake, hizi hapa."

(d) Seva za kampuni yenyewe, ambazo ndizo zenye mamlaka juu ya jina hilo, hutoa namba inayotakiwa.

Seva ya kuulizia hulirudisha jibu kwa simu, na huliweka akibani kwa muda ulioandikwa na mwenye jina, kwa mfano sekunde 3,600, ili atakayeuliza baadaye ajibiwe upesi. Kazi yote hii humalizika kabla mtu hajapepesa jicho.

Kikoa cha .tz kilianza kutumika katika miaka ya 1990, na kwa muda mrefu kilitunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 kilianzishwa kituo cha tzNIC kwa ajili ya kazi hiyo, na leo usimamizi wake umo mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

2. Mlango usiolindwa

Kila kampuni kubwa huweka fayawoli, yaani kizuizi kinachokagua vitu vinavyoingia na kutoka katika mtandao wake. Milango mingi ya fayawoli hufungwa. Mlango namba 53, ambao hupitisha maswali ya DNS, aghalabu huachwa wazi, kwa kuwa ukifungwa pasipo mpango hakuna atakayeweza kufanya kazi. Hali hii inafanana na ile ya kampuni ambayo mlinzi wake hukagua kila gari na kila mfuko, lakini humwacha tarishi apite mara elfu kwa siku kwa sababu amebeba "maulizo tu".

Isitoshe, mfumo wenyewe ulibuniwa katika zama ambazo waliotumia mtandao walikuwa wachache na waliaminiana. Swali husafiri bila kufunikwa, na jibu halikuwa na muhuri wa kuthibitisha lilikotoka. Kutokana na hali hizo zimezuka hatari tatu zifuatazo.

3. Hatari ya kwanza: daftari la majina

Hatari ya kwanza haimo ndani ya kampuni wala katika nyaya. Imo katika daftari la msajili, mahali palipoandikwa kwamba jina fulani lina seva fulani. Mtu akiweza kubadili mstari mmoja wa daftari hilo, watu wote wa dunia wataelekezwa kwake, na kampuni haitaona dalili yoyote katika kompyuta zake.

Jambo hili limekwisha kutokea karibu nasi. Tarehe 15 Aprili 2013 watu wa Kenya walioandika google.co.ke walionyeshwa ukurasa wa mvamizi. Kompyuta za Google hazikuvunjwa. Kilichobadilishwa ni maelekezo ya jina. Hivyo basi, hata kampuni yenye wahandisi na mali nyingi kiasi hicho ilipokonywa jina lake kwa muda, kwa sababu jina hilo lilitunzwa mahali pengine.

Tukio la pili lilihusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kikoa cha nchi hiyo, .cd, kilitegemea seva kadhaa, na baadhi yake zilitambulishwa kwa jina scpt-network.com. Mwishoni mwa mwaka 2020 jina hilo liliachwa bila kulipiwa, likarudi sokoni kama jina lolote lisilo na mwenyewe. Mtafiti Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify ya Uswidi aliligundua jambo hilo, akalinunua jina kabla halijaangukia mikononi mwa mtu mbaya, kisha akawaarifu wahusika. Habari hizo zilitangazwa mwezi Januari 2021. Kwa maelezo yake, mwenye jina hilo angeweza kupokea karibu nusu ya maswali yote ya kikoa cha nchi nzima. Ada ndogo iliyosahauliwa ingeweza kuzitia hatarini benki, wizara na magazeti ya taifa zima.

Yawapasa wasomaji watambue pia kwamba alama ya kufuli inayoonekana katika kivinjari haiokoi mtu katika hali kama hii. Mashirika yanayotoa hati za usalama wa tovuti mara nyingi huthibitisha mwenye jina kwa kuuliza DNS hiyo hiyo. Aliyeliteka jina anaweza kupewa hati halali, na kufuli litaonekana kama kawaida. Uvamizi wa namna hiyo ulienea kiasi kwamba tarehe 22 Januari 2019 serikali ya Marekani iliziamuru idara zake zikague kumbukumbu zote za DNS ndani ya siku 10 za kazi.

Dawa ya hatari hii ni ya utaratibu kuliko ya mitambo. Jina liandikishwe kwa kampuni yenyewe, si kwa barua-pepe ya fundi ambaye huenda kesho akaacha kazi. Ada ilipwe mapema, na tarehe ya kwisha kwake iwe kwa mhasibu na kwa fundi pia. Kuingia katika akaunti ya msajili kuhitaji uthibitisho wa hatua mbili. Pale msajili anapoweza kulifunga jina lisibadilishwe mpaka watu wawili wathibitishe, jina lifungwe.

4. Hatari ya pili: jibu la uongo njiani

Seva ya kuulizia inapotuma swali, huliandikia namba ya kitambulisho, na jibu la kwanza lenye namba hiyo hiyo ndilo huaminiwa. Namba hiyo ina biti 16, kwa hiyo kuna namba 2¹⁶ = 65,536 zinazowezekana. Mdanganyifu asiyeliona swali anaweza kubahatisha.

Tuseme anaweza kutuma majibu 100 ya uongo kabla ya jibu la kweli kufika. Uwezekano wa kufaulu katika jaribio moja ni 100/65,536, yaani takriban 1 katika 655. Akishindwa, jibu la kweli huwekwa akibani, na kama limeandikiwa kukaa siku nzima, hana budi kungoja kesho. Majaribio 655 yatamchukua karibu miaka miwili. Kwa miaka mingi wataalamu walijifariji kwa hesabu hiyo.

Mwaka 2008 Mmarekani Dan Kaminsky alionyesha kwamba faraja hiyo haikuwa na msingi. Mdanganyifu hana haja ya kuuliza jina moja. Anaweza kuuliza majina yasiyokuwepo, mathalani a1.kampuniyetu.co.tz, kisha a2, kisha a3, na kuendelea. Kwa kuwa kila jina ni jipya, akiba haina jibu lake na hakuna kungoja. Ndani ya jibu lake la uongo huambatisha maelekezo mapya ya kikoa kizima. Akijaribu mara 10 kwa sekunde, majaribio 655 huchukua kama dakika moja tu, na uwezekano wa kufaulu angalau mara moja ni 1 − (1 − 1/655)⁶⁵⁵, ambao ni karibu asilimia 63.

Tarehe 8 Julai 2008 watengenezaji wengi wa programu za DNS walitoa marekebisho siku moja. Tangu hapo seva hubahatisha pia mlango unaotumika kutuma swali, kati ya milango ipatayo 64,000. Idadi ya kubahatisha ikawa 65,536 × 64,000, yaani zaidi ya bilioni 4. Kwa kasi ile ile, kazi iliyochukua dakika moja sasa itachukua siku 48 hivi za kushambulia bila kupumzika. Msomaji ataona kwamba hiyo si kinga kamili. Mwizi amefanyiwa kazi iwe ngumu tu.

Kinga yenyewe ni kulitia jibu sahihi ya kidijitali, kwa utaratibu uitwao DNSSEC. Wenyeji wa Kilwa hawatashangazwa na wazo hili. Karne nyingi zilizopita masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Mfanyabiashara aliyepewa sarafu hakuwa na haja ya kumjua aliyemlipa, aliitazama alama. Katika DNSSEC, seva yenye mamlaka hutia sahihi majibu yake kwa ufunguo wa siri, na mtu yeyote huweza kuihakiki kwa ufunguo wa wazi. Ufunguo wa kampuni huthibitishwa na wenye kikoa cha nchi, na wa nchi huthibitishwa na mzizi. Mzizi ulianza kutiwa sahihi rasmi tarehe 15 Julai 2010.

Mfano wa sarafu unatuonyesha pia mpaka wa DNSSEC. Alama ya sultani ilithibitisha sarafu. Haikuthibitisha kwamba bidhaa iliyonunuliwa ilikuwa nzima. Vivyo hivyo, DNSSEC huthibitisha kwamba jibu limetoka kwa aliyeandikwa katika daftari. Haithibitishi kwamba mtu huyo ni mwema. Wala haina faida ikiwa seva ya kuulizia ya kampuni haikuamriwa kuzihakiki sahihi hizo.

5. Hatari ya tatu: swali lenyewe

Hatari ya tatu ndiyo iliyosababisha kutengenezwa kwa vyombo maalumu. Programu haribifu ikishaingia katika kompyuta moja ya ofisi, kwa mfano kupitia kiambatisho cha barua-pepe, huhitaji kuwasiliana na bwana wake aliye nje. Njia iliyo rahisi kwake ni ule mlango wa maulizo.

Namna ya kwanza ni kuuliza jina la kompyuta ya bwana wake. Jina likijulikana, linaweza kuzuiwa. Kwa sababu hiyo waovu walianza kuziagiza programu zao zijitungie majina kwa kanuni ya hesabu kila siku. Programu ya Conficker, iliyoonekana mwishoni mwa mwaka 2008, ilitunga majina 250 kwa siku. Toleo la mwaka 2009 lilitunga 50,000. Mwovu alihitaji kusajili moja tu, ilhali mlinzi alilazimika kuyazuia yote.

Namna ya pili ni kuficha mali ya wizi ndani ya swali. Jina moja la DNS laweza kuwa na herufi 253, na kila kipande kati ya nukta na nukta herufi 63. Programu hulikata faili la siri vipande vipande, ikavigeuza kuwa herufi, na kuuliza "x7f3k9… .jinalamwovu.com". Swali hupita seva ya kuulizia, hupita fayawoli, na kufika kwa seva ya mwovu, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya jina hilo. Hajali jibu, swali ndilo shehena. Ikiwa kila swali linabeba baiti 100, faili la baiti 1,000,000 linahitaji maswali 10,000. Kwa swali moja kila sekunde, kazi humalizika kwa muda usiozidi saa tatu. Kwa swali moja kila dakika, huchukua siku saba, na hakuna saa hata moja ambayo wingi wa maswali utamshtua mtu.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini fayawoli ya kawaida haitoshi. Fayawoli hutazama swali moja moja na kuona kwamba kila moja limeandikwa sawasawa. Wizi hauonekani katika swali moja. Huonekana katika jumla ya maswali ya siku nyingi. Chombo maalumu cha ulinzi wa DNS hufanya kazi nne:

(a) Huchekecha majina. Jina lililomo katika orodha ya maovu hujibiwa "halipo", au muulizaji hupelekwa kwenye ukurasa wa onyo.

(b) Hupima sura ya jina: urefu wake, mchanganyiko wa herufi zake, na umri wake tangu liliposajiliwa. Jina lililosajiliwa jana hutiliwa shaka zaidi.

(c) Hupima mwendo wa kila kompyuta: imeuliza mara ngapi, majina mangapi mapya chini ya kikoa kimoja, na imejibiwa "halipo" mara ngapi. Kompyuta inayouliza majina mia yasiyokuwepo kwa saa moja huenda inafuata kanuni ya namna ya Conficker.

(d) Hutunza kumbukumbu, ili jina likigunduliwa leo kuwa baya, ijulikane ni kompyuta ipi ililiuliza wiki iliyopita.

Vyombo vinavyouzwa tayari hulipiwa kwa fedha za kigeni, na bei yake si ndogo. Hata hivyo, kazi ya kuchekecha majina inaweza kufanywa kwa programu huria kama BIND na Unbound, ambazo hazilipiwi. Na hatua ya kwanza haigharimu chochote: kompyuta zote za kampuni ziamriwe kuuliza seva ya kampuni peke yake, na mlango namba 53 ufungwe kwa kompyuta nyingine zote. Pasipo hatua hiyo, chombo cha bei kubwa kitakuwa kinalinda njia ambayo mwizi haipiti.

6. Mipaka ya vyombo

Ni kosa kudhani kwamba chombo kikishanunuliwa kazi imekwisha. Tufikirie kampuni ya kubuni yenye kompyuta 2,000, na kila moja huuliza maswali 5,000 kwa siku. Jumla ni maswali 10,000,000. Tuseme miongoni mwake mabaya ni 20 tu, na chombo huyagundua yote, lakini hukosea mara moja katika kila maswali 10,000 mema. Kila siku kitatoa maonyo ya bure yapatayo 1,000 pamoja na yale 20 ya kweli. Katika kila maonyo 100, ya kweli ni mawili tu. Mtumishi anayeletewa maonyo 1,020 kila siku, mwishowe ataacha kuyasoma. Kwa hiyo kampuni inayonunua chombo bila kufundisha watu wa kukitumia imenunua kelele.

Mpaka wa pili unatokana na maendeleo mema. Tangu mwaka 2018 kuna kanuni inayoruhusu maswali ya DNS yafichwe ndani ya mawasiliano ya kawaida ya tovuti. Kanuni hiyo humlinda raia asipelelezwe. Lakini katika kampuni, kivinjari kinachoitumia huipita kando seva ya kampuni, na mlinzi haoni kitu. Hapana budi kampuni iamue wazi, na iwaeleze watumishi wake, ni seva ipi itatumika kazini.

Mpaka wa tatu ni wa haki. Kumbukumbu za maswali zinaonyesha mtumishi ametafuta hospitali gani, chama gani, au kazi gani nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kumbukumbu zinazokusanywa kwa ulinzi zitumike kwa ulinzi, zisomwe na wachache, na zifutwe muda wake ukipita.

Mpaka wa nne ni kukusanya mayai yote katika kapu moja. Tarehe 21 Oktoba 2016 kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyotoa huduma ya DNS kwa makampuni mengi, ilifurikwa kwa makusudi na maswali yaliyotumwa na maelfu ya vyombo vya nyumbani vilivyotekwa. Tovuti mashuhuri, Twitter ikiwa mojawapo, hazikupatikana kwa saa kadhaa ingawa kompyuta zake zilikuwa nzima. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa saa zipatazo 6. Hapakuwa na mshambuliaji. Kosa la matengenezo lilizitenga seva zao za DNS na dunia. Wafanyabiashara wengi wa pwani yetu wanaopokea maagizo kwa WhatsApp walisimama siku hiyo pasipo kujua sababu. Seva za majina ziwe zaidi ya moja, na ziwe katika mitandao tofauti.

7. Hitimisho

Tumeona hatari tatu: daftari kubadilishwa, jibu kughushiwa, na swali kutumiwa na mwizi. Sahihi za DNSSEC huzuia ya pili. Vyombo maalumu huzuia sehemu kubwa ya ya tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo iliyoonekana Kenya mwaka 2013 na Kongo mwaka 2020, haizuiwi na chombo chochote kilichomo ndani ya kampuni. Huzuiwa na watu wanaolipa ada kwa wakati, wanaojua jina limeandikishwa kwa nani, na wanaolinda ufunguo wa daftari. Kwa hiyo kampuni ianzie kwenye daftari, ifuatishe kufunga njia za pembeni na kutia sahihi, kisha ndipo inunue vyombo.

Mzigo wa uzembe katika jambo hili hauwaangukii wakubwa wa makampuni peke yao. Kutoka Miteja hadi Somanga, lilipo bomba linaloleta nchi kavu gesi ya Songosongo, si mbali. Lakini anayetafuta matokeo ya mtihani, au anayetuma ada ya mwanawe kwa simu, hana njia ya kwenda kuhakiki kompyuta iliyoko Dar es Salaam. Anachokiona ni jina, na analiamini. Anayelimiliki jina hilo amekabidhiwa amana ya watu.

Zoezi la darasani

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Mwalimu achague wanafunzi watano: Simu, Seva ya Kuulizia, Mzizi, Mwenye .tz, na Kampuni. Kila mmoja apewe kadi yenye habari zile tu anazopaswa kuzijua. Simu iulize anwani ya mauzo.kampuniyetu.co.tz, na darasa lihesabu hatua. Katika duru ya pili, mwanafunzi wa sita, Mdanganyifu, abadilishe kwa siri kadi ya Mwenye .tz. Darasa lijadili nani angeweza kugundua, na kwa njia gani. Shule yenye kompyuta inaweza kutumia amri ya nslookup kuona majibu halisi.

Maswali

1. Eleza kwa nini seva za mzizi hazina haja ya kujua anwani ya kila kompyuta duniani.

2. Mdanganyifu anatuma majibu 200 ya uongo kwa kila jaribio, na namba ya kitambulisho ina biti 16. Tafuta uwezekano wa kufaulu katika jaribio moja. Je, ungekuwa kiasi gani kama namba ingekuwa na biti 20?

3. Faili la baiti 2,400,000 linaibwa kwa maswali yanayobeba baiti 120 kila moja, swali moja kila nusu dakika. Kazi hiyo itachukua siku ngapi?

4. Chombo cha ulinzi hukosea mara moja katika kila maswali mema 50,000. Kampuni huuliza maswali 10,000,000 kwa siku, na mabaya ni 20, ambayo yote hugunduliwa. Ni asilimia ngapi ya maonyo yatakuwa ya kweli? Linganisha na mfano wa sehemu ya 6.

5. "DNSSEC ingezuia tukio la Kenya la mwaka 2013." Jadili kauli hii, ukikumbuka anayelidhibiti daftari anaweza kubadili nini.